Mgeni kwa Wawelisi: Sauti, Mashairi, Mlima na Kikaango

Ukitaka kumuudhi Mwelisi dakika ya kwanza, mwite Mwingereza. Sisi tunaosema Kiswahili tuko karibu zaidi na kosa hilo, maana "Uingereza" tunaitumia kwa dola nzima na pia kwa nchi moja tu iliyo ndani yake. Welisi, ile Wales ya kwenye soka, ni nchi ya watu wapatao milioni 3.1 na kondoo karibu mara tatu ya hao. Ina bunge lake Cardiff tangu 1999, na lugha yake ilikuwa kisiwani kabla Kiingereza hakijafika. Watu wake ni wakarimu na wana utani mwingi, lakini hapo kwenye jina hawana mzaha.

Afrika Mashariki inamjua Mwelisi mmoja bila kujua kwamba ni Mwelisi. Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 na ambaye Kongo ilimwita Bula Matari, alizaliwa Denbigh mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akakulia katika nyumba ya maskini ya St Asaph, kisha ukubwani akajifanya Mmarekani. Si jina la kuanzia nalo mazungumzo. Hata huko Denbigh sanamu yake imezua ubishi mkali.

Anza na lugha. Mabango ya barabarani yanawatisha wageni kwa sababu wanayasoma Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu: alfabeti ina herufi 29, na nyingi haziyumbi. C ni k daima. F ni v, na ff ndiyo f yetu. Dd ni dh ya dhahabu, th ni th ya thelathini, ch ni kh kama mtu wa pwani anavyotamka Khamis, ng ni ng' ya ng'ombe. Si ikifuatwa na irabu huwa sh, kwa hiyo siop, yaani duka, husomwa "shop". W mara nyingi ni irabu u: cwm, bonde, ni "kum". U husomwa karibu na i. Y ndiyo yenye sura mbili: kwenye silabi ya mwisho ni i, kabla ya hapo ni sauti fupi ya katikati ya kinywa ambayo Kiswahili hakina, kama a iliyomezwa. Basi Cymru, jina la nchi yenyewe, ni "kamri", na mynydd, mlima, ni "manidh", a zote mbili zikiwa zimemezwa.

Mkazo nao unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, vilevile kama kwetu: CaerNARfon, LlaNElli, eRYri. Waingereza wanahangaika na hili miaka nenda rudi. Mswahili analifanya bila kufikiri. Neno linalokiuka kanuni na utakalolihitaji kila siku ni Cymraeg, jina la lugha: mkazo wake uko mwisho.

Kigingi ni ll. Wageni wengi husema "kl" au "shl", na yote mawili ni makosa. Weka ulimi kama unataka kusema l, uuache hapohapo, zima sauti ya koo, kisha sukuma pumzi itokee pembeni mwa ulimi. Ukisikia mvumo wa l ndani yake, koo bado linafanya kazi, punguza. Wairaqw wa Mbulu hawana haja ya somo hili, kwani sauti hiyo wanayo katika lugha yao na huiandika sl. Mwenye rafiki kutoka huko amwombe dakika tano za mazoezi, zitamfaa kuliko video nyingi za mtandaoni.

Kinachowakatisha tamaa wanafunzi baada ya sauti ni mabadiliko ya mwanzo wa neno. Caerdydd ndiyo Cardiff. "Kwenda Cardiff" ni i Gaerdydd, "katika Cardiff" ni yng Nghaerdydd, "na Cardiff" ni a Chaerdydd. Mji ni mmoja, nyuso nne. Madhara yake ni ya vitendo: ukilitafuta neno kwenye kamusi chini ya G hulipati, kwa sababu kamusi inahifadhi mwanzo wa asili. Dawa ni kukariri jozi chache: c hugeuka g, p hugeuka b, t hugeuka d, b na m hugeuka f, na g hutoweka kabisa. Usikose usingizi. Aliyekulia kwenye wimbo na nyimbo, ulimi na ndimi, ameshazoea maneno yanayobadilika kichwani badala ya mkiani, na Mwelisi atakuelewa hata ukiyaacha yalivyo.

Jambo jingine linalokuja kirahisi ni kujibu. Kiwelisi hakina "ndiyo" moja ya kutumika kila mahali. Unajibu kwa kitenzi. Oes llaeth? Oes. Maziwa yapo? Yapo. Mwingereza anaumia hapo, wewe unapita.

Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji 538,000 hivi, asilimia 17.8 ya watu. Wastani huo unadanganya. Gwynedd, kaskazini-magharibi, wanaoisema ni zaidi ya asilimia 60, na ndiyo lugha ya dukani, ya uwanjani na ya ugomvi wa majirani. Katika mabonde ya kusini-mashariki unaweza kumaliza wiki bila kuisikia. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha darasani, amua unaishi upande gani. Maziwa ni llaeth kusini na llefrith kaskazini. "Sasa" ni nawr kusini, rŵan kaskazini. Bibi ni mam-gu huku, nain kule. Kituo cha taifa cha kufundishia Kiwelisi, Dysgu Cymraeg, kina vitabu vya pande zote mbili na ngazi tano, kuanzia Mynediad hadi Gloywi, na vijana wa miaka 16 hadi 25 wanasoma kozi zake bure. Ukichanganya vitabu vya kusini na jirani wa kaskazini hutafeli, ila utataniwa.

Kutumia ulichojifunza ndiko kwenye kazi. Wawelisi wana adabu inayomwumiza mwanafunzi: wakisikia unakwama, wanahamia Kiingereza ili wasikutese. Wengi wanadhani wamekataliwa, wanaacha. Sema mapema Dw i'n dysgu Cymraeg, najifunza Kiwelisi, halafu uendelee polepole. Wakihama, rudi tena kwenye Kiwelisi bila kununa. Tafuta mhudumu mwenye beji ya rangi ya chungwa yenye umbo la kiputo cha maneno: maana yake anazungumza Kiwelisi kazini, na hapo huna haja ya kuomba ruhusa. Ukishuka basi, mshukuru dereva, diolch. Huko kila mtu humshukuru dereva, kwa lugha yoyote, na asiyefanya hivyo anaonekana.

Kuna hadithi wageni wanapenda kuisimulia, kwamba waliingia baa na papo hapo watu wakageuza lugha ili wawasengenye. Mswahili aliyeishi ughaibuni anajua ukweli wake: walikuwa wakisema lugha yao tangu asubuhi.

Unyeti huo una sababu. Karne ya 19, katika baadhi ya shule, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kipande cha ubao, Welsh Not, akakipitisha kwa mwenzake atakayemnasa, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku akachapwa. Wakenya na Waganda waliosoma shule zenye kidude cha kuvishwa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hawahitaji maelezo zaidi. Kisha mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn, katika bonde la Tryweryn, kilizamishwa pamoja na kanisa lake, shule na makaburi ili Liverpool ipate maji, ingawa karibu wabunge wote wa Welisi waliipinga sheria iliyoruhusu jambo hilo. Baraza la Liverpool liliomba radhi mwaka 2005. Kando ya barabara ya A487, karibu na Llanrhystud, kuna ukuta wa mawe umeandikwa Cofiwch Dryweryn, kumbukeni Tryweryn. Ile t imegeuka d kwa kanuni ileile. Watu wamechora maneno hayo nchi nzima. Ukiyaona usiulize kwa kejeli.

Hapa lazima kusema kwamba mapenzi ya mgeni yasiwe ya upofu. Butetown, kitongoji cha bandari ya Cardiff, kilikuwa na mabaharia Wasomali na Wayemeni tangu enzi za meli za makaa ya mawe, na mwaka 1919 watu weusi walishambuliwa mitaani huko. Mwaka 1952 Mahmood Mattan, Msomali, alinyongwa katika gereza la Cardiff kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mahakama ilifuta hukumu yake mwaka 1998. Wawelisi wenye busara hawaifichi historia hiyo. Pia wana upande wa pili wa kujivunia. Mwimbaji Mmarekani mweusi Paul Robeson alipokuwa amenyang'anywa pasipoti na serikali yake, wachimba makaa wa Welisi kusini walimwalika hata hivyo, na mwaka 1957 aliwaimbia akiwa New York, kwa njia ya simu iliyopita chini ya bahari, nao wamekusanyika ukumbini Porthcawl. Wakamjibu kwa kwaya. Mwaka 2024 Vaughan Gething, aliyezaliwa Zambia kwa mama Mzambia na baba Mwelisi, akawa waziri kiongozi wa nchi, japo kwa miezi michache tu.

Kama unaweza kwenda mara moja tu, nenda wiki ya kwanza ya Agosti, kwenye Eisteddfod ya taifa, tamasha la mashairi na nyimbo. Huhama kila mwaka, mara kaskazini, mara kusini, na kila kitu jukwaani ni Kiwelisi. Kwenye banda kuu kuna vifaa vya kusikilizia tafsiri, chukua mapema. Kwa mpenzi wa mashairi hakuna mahali Ulaya panapofanana zaidi na alikotoka. Washairi wanatuma kazi kwa jina la kupanga. Siku ya Ijumaa majaji wanasoma hukumu yao hadharani, wakisifu na kukosoa bila huruma, kisha taa zinazunguka ukumbini na mshindi, ambaye watu wengi hawajui ni nani mpaka dakika hiyo, anasimama palepale alipoketi kati ya watu. Kiongozi wa sherehe anauliza mara tatu kama kuna amani, upanga ukiwa nusu nje ya ala, na umati unaitikia Heddwch! Zawadi ni kiti cha mbao, kipya kila mwaka. Majaji wakiona hakuna anayestahili, hakuna kiti, na hakuna wa kubembelezana naye. Mwaka 1917 jina la mshindi lilipoitwa hakuna aliyesimama: Hedd Wyn alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji wiki chache kabla, na kiti chake kikafunikwa kitambaa cheusi.

Shairi la kiti hufuata kanuni za cynghanedd, yaani ulinganifu wa sauti ndani ya mstari, na hapa mtu aliyelelewa na vina na mizani atavutiwa kweli. Englyn, aina fupi inayopendwa kuliko zote, ina mizani 30 katika mistari minne: 10, 6, 7, 7, yote kwa kina kimoja. Mizani peke yake haitoshi. Katika aina moja ya cynghanedd mstari unakatwa vipande viwili, na konsonanti za kipande cha kwanza lazima zirudi kwenye cha pili kwa mpangilio uleule huku irabu zikibadilika. Ni kama kudai kwamba ukitia "kitabu" kwenye ukwapi, kwenye utao kuwe na "katiba": k, t, b, halafu k, t, b. Fanya hivyo kila mstari, kwa mamia ya mistari, na bado useme jambo lenye maana. Wapo wakulima na walimu wanaoliweza hili, na redio ya BBC kwa Kiwelisi ina kipindi cha miaka mingi, Talwrn y Beirdd, ambamo timu za washairi wa wilaya hupambana kwa maksi. Usikilize hata kama huelewi neno. Utazisikia konsonanti zikirudi.

Uimbaji wao pia una mlango kwetu. Makanisa ya Welisi yalijifunza kuimba sauti nne kwa noti za d, r, m, zile zile ambazo kwaya za Tanzania na Kenya bado zinaandika ubaoni. Mwenye kusoma noti hizo akienda kwenye gymanfa ganu, kusanyiko la kuimba tenzi, akae na sauti yake, besi na besi, tena asiwe na haya ya kufungua kinywa. Uwanja wa raga wa Cardiff unachukua watu zaidi ya 73,000 na uko katikati ya mji, paa lake hufungwa, na tiketi za mechi za Februari na Machi ni ngumu kupata. Kuwa mitaani siku hiyo kunatosha. Wimbo wa taifa ujifunze ubeti wa kwanza na kiitikio, kwa Kiwelisi. Hakuna tafsiri inayoimbwa.

Usafiri una mtego wake. Ramani inaonyesha nchi ndogo, lakini treni kutoka Cardiff kwenda Bangor hupitia ndani ya Uingereza yenyewe, ile England, na huchukua zaidi ya saa nne. Pwani ya magharibi, kati ya Carmarthen na Aberystwyth, hakuna reli. Panda basi la T1, na kutoka Aberystwyth hadi Bangor ni T2. Ukiendesha gari, kikomo cha kawaida kwenye makazi ni maili 20 kwa saa tangu Septemba 2023. Neno ARAF lililopakwa barabarani maana yake ni polepole.

Mlima Yr Wyddfa, au Snowdon, mrefu kuliko yote Welisi, una mita 1,085, na waliowahi kuiona Kilimanjaro hucheka. Wasicheke. Hewa haipungui huko. Kinachoumiza watu ni maji, upepo na ukungu, ambavyo vinaweza kufika vyote ndani ya nusu saa, mwezi wowote. Ukingo wa jirani, Crib Goch, hupata mvua ya zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Jinzi na fulana za pamba ni kosa nambari moja: pamba ikilowa haikauki upesi wala haikupi joto. Vaa sintetiki au sufu, koti na suruali visivyopitisha maji, viatu vyenye meno. Beba tochi, filimbi, ramani ya karatasi na dira, kwa sababu simu hufa kwa baridi. Chakula, na sweta ambalo hutegemei kulivaa. Hakuna wapagazi.

Njia ya Llanberis ni kilomita 14 na ushei kwenda na kurudi, kupanda mita 975 hivi. Weka saa sita. Ndiyo rahisi na ndiyo inayochosha kwa urefu. Njia ya Pyg huanza juu zaidi, Pen-y-Pass, ambako maegesho lazima yakatiwe nafasi mapema msimu wa watalii; bora basi la Sherpa. Kosa linalowaita waokoaji ni hapo Bwlch y Moch: njia ya kulia inayopanda mwambani inakwenda Crib Goch, ukingo mwembamba wenye kina pande zote mbili, na watu huwafuata wenzao kama kondoo mpaka wanajikuta hawawezi mbele wala nyuma. Soma alama. Wakati wa theluji usifuate reli ya kileleni kushuka. Juu ya Clogwyn Coch mteremko hugeuka barafu na umeshaua. Ukipata shida piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea, na wanakuja bure.

Ukirudi chini unataka kitu cha moto. Cawl ni mchuzi wa shingo ya kondoo uliochemshwa kwa moto mdogo karibu saa mbili na karoti na turnipu kubwa ya njano. Viazi huingia nusu saa ya mwisho, liki dakika kumi za mwisho. Hupikwa leo, huliwa kesho baada ya kuondoa mafuta yaliyoganda juu. Anayekuharakisha kuila siku hiyohiyo hajali tumbo lako.

Kitu cha kujifunza kupika ni vikeki vya kwenye kikaango, pice bach au picau ar y maen, kwani vifaa tayari unavyo: chuma kizito cha kupikia chapati ni ndugu wa maen yao, bamba la kupikia. Chukua unga wa ngano gramu 225, baking powder (si hamira ya mkate) vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, mdalasini na kungumanga nusu kijiko. Fikicha ndani yake siagi baridi gramu 110 mpaka ufanane na chengachenga za mkate. Tia sukari gramu 75, zabibu kavu ndogo gramu 75, yai moja, na maziwa kijiko kimoja tu ikibidi. Shikanisha, basi. Mpishi wa chapati ataona mkono unamwasha kukanda. Akikanda, vikeki vinakuwa ngozi. Sukuma unene wa milimita 6 hivi, kata duara za sentimita 6 au 7. Utapata kama 16.

Moto uwe mdogo kuliko wa chapati. Sukari na siagi huungua haraka, na kosa la kawaida ni kikeki cheusi nje, kibichi ndani. Pakaza chuma mafuta kidogo sana, pika kimoja cha majaribio, dakika tatu kila upande, ukivunje uone katikati. Kikipanuka na kutoa mafuta, donge lilikuwa na joto. Liweke frijini dakika 20. Vikitoka nyunyizia sukari vikiwa vya moto, isije ikakataa kushika. Kwa asili nusu ya siagi huwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo Mwislamu anayenunua sokoni Cardiff au Swansea aulize kwanza; wauzaji wengi hutumia siagi tupu na hawaudhiki kuulizwa. Kwenye kopo lililofungwa vinakaa siku nne, ingawa siku ya tatu vinahitaji kurudishwa juu ya chuma dakika moja.